Je, wajua kwa nini bloku ya injini hutobolewa kuongezewa stadi, yaani vyuma vyenye hesi (meno ya skrubu) vinavyobana hedi, kifuniko cha juu cha injini?

Gasketi ya hedi, kizibo chembamba kinacholala kati ya hedi na bloku, ikiungua mara ya kwanza, mwenye gari hulaumu joto. Ikiungua mara ya tatu palepale, kati ya silinda ya pili na ya tatu, hutakosa mtu kwenye gereji za Kigoma, iwe Mwanga au Ujiji, wa kukwambia: "Toboa bloku, ongeza stadi." Ushauri huo una msingi, ila unatibu ugonjwa mmoja tu, tena si ule unaoua injini nyingi.

Tuanze na nguvu yenyewe. Chukua 1HZ, dizeli ya silinda 6 ya Land Cruiser. Kipenyo cha silinda ni milimita 94, kwa hiyo eneo linalosukumwa ni kama sentimita za mraba 69. Dizeli isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi) ikiwaka na presha ikafika kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, silinda moja inaisukuma hedi juu kwa karibu tani 5. Funga tabo, presha ipande hadi 100, unakaribia tani 7. Upande wa pili wako stadi: moja ya M12 (unene wa milimita 12), daraja 8.8 (kipimo cha uimara wa chuma), ikikazwa sawasawa hubana kwa takriban tani 4, na kila silinda ina kadhaa inazogawana na jirani zake. Kwa hesabu ya jumla zinatosha. Kinachosumbua ni umbali kati ya stadi na stadi. Hedi nayo hupinda kama ubao, na pale katikati ya stadi mbili zilizoachana sana hunyanyuka sehemu chache za mia za milimita. Gesi ya moto haihitaji zaidi ya hapo.

Watengenezaji wenyewe waliliona hilo zamani. V8 ya Ford ya mwaka 1932 ilikuwa na stadi 21 kwa kila hedi. Kufikia 1939 zilikuwa 24. Magari madogo ya Mini ya kawaida yalikuwa na 9, lakini Mini Cooper S ya miaka ya 1960 ilipewa sehemu 11 za kukaza, nyongeza moja kila mwisho wa hedi.

Kabla ya kushika keekee, isome gasketi iliyotoka. Alama nyeusi ikipita palepale kila mara, katikati kabisa ya stadi mbili, na hedi imenyooka, hapo kweli mbano ni mdogo. Lakini weka rula ya chuma juu ya hedi na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake: ikipita ya milimita 0.1, hedi imepinda kwa kuchemsha, na stadi hata tano za ziada hazitainyoosha. Ipelekwe ikasagwe. Kwenye maboti ya Kibirizi, injini inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya ziwa ianze kuchunguzwa njia za maji, kwa sababu maji ya Tanganyika yana magadi na huacha ukoko. Na kama hesi zimetoka na boliti, kama ilivyozoeleka kwa 2AZ-FE, injini ya petroli ya Toyota yenye bloku ya aluminiamu, dawa ni kutoboa tundu lilelile na kuweka bushi yenye hesi. Toyota baadaye ilirefusha hesi za bloku hiyo kutoka milimita 24 hadi 30.

Sasa kama ni mbano kweli, swali gumu ni wapi pa kutoboa. Uso wa juu wa bloku mara nyingi una unene wa sentimita moja hivi, na chini yake ni maji. Stadi ya M12 kwenye chuma cha kusubu inataka hesi za urefu wa milimita 18 hivi, na aluminiamu inataka 24. Kwa hiyo lazima pawepo nguzo nene ya chuma. Njia ya uhakika ni kupata bloku iliyokufa ya injini ileile na kuikata pale unapokusudia. Ukikosa, ng'oa vizibo vya maji vya ubavuni, mulika tochi, pima kwa waya uliokunjwa. Hedi nayo iangaliwe: isiwe njia ya maji wala ya fito za vali, na nati ipate pa kukaa bapa.

Kazi ifanyike kwa mashine ya kusimama. Keekee ya mkononi ikilala digrii moja tu, kwenye hedi yenye kimo cha milimita 100 stadi inatokea pembeni kwa karibu milimita 1.75, na nati itakalia ukingo. Kwa M12 ambayo hesi zake zimeachana milimita 1.75, biti ni milimita 10.2. Chuma cha kusubu hutobolewa kikavu. Unga wake hutoka wenyewe, ukitia oili unageuka tope la kusaga biti. Milimita 4 au 5 za juu zipanuliwe kwa biti ya 12.5 zibaki bila hesi, la sivyo stadi ikivutwa itaumua mdomo wa tundu na gasketi haitalala. Tepu, kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu, irudishwe nusu mzunguko kila baada ya mzunguko mmoja. Ikikatikia ndani, umeongeza kazi ya siku nzima.

Tundu la hedi liwe milimita 13. Gasketi ya karatasi au ya shaba hutobolewa kwa bomba lililonolewa. Ile ya mabati ya tabaka tabaka usiiguse, hufumuka.

Stadi usikate kutoka kwenye vyuma vya hesi vya kufungia paa. Ni laini, hurefuka kidogo kidogo na mbano hupotea. Iingie kwenye bloku kwa vidole tu, na kama tundu limetokea kwenye maji, paka gundi ya hesi. Kaza nati kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu tatu, zile mpya zikifuata jirani zake. Mkazo mpya hukunja silinda kidogo, kwa hiyo kama bloku inasuguliwa, ifungwe kwanza bamba nene lililokazwa mahali pa hedi.

Matundu yasiyotoboka upande wa pili yapulizwe kwa upepo hadi yakauke. Oili iliyobaki chini haibanwi: ukiizungusha stadi kwa nguvu juu yake, bloku hupasuka, na ufa huo utauona siku ya kujaza maji.