Je, wajua kwa nini mwenye A ya fizikia hushindwa na swali la ndimu?

Chukua ndimu, irushe wima juu kama mita mbili, kisha idake. Sasa jibu bila daftari wala kikokotozi: ndimu ikiwa imeshatoka mkononi na bado inapanda, ni nguvu zipi zinazoisukuma au kuivuta? Upinzani wa hewa usiuhesabu, ni mdogo.

Binamu yangu alisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano na sita, na fizikia alipata A. Nilimuuliza swali hili jioni moja jikoni, ndimu yenyewe ikiwa mkononi mwake. Hakusita. “Ziko mbili. Ya mkono inaipandisha, ya dunia inaivuta chini. Ile ya mkono inapungua kidogo kidogo. Zikilingana ndimu inasimama, halafu ya dunia inashinda, inashuka.”

Ni maelezo yenye mpangilio mzuri, na si kweli. Tangu ndimu ilipoachana na vidole, nguvu ni moja tu: mvutano wa dunia, unaoelekea chini, kwa kiasi kile kile ndimu ikipanda, ikiwa kileleni, na ikishuka. Mkono hauwezi kusukuma kitu usichokigusa tena. Kinachopungua njiani ni mwendo. Ili ifike mita mbili, ndimu huondoka mkononi na mwendo wa kama mita 6.3 kwa sekunde, na dunia huukata mwendo huo kwa mita 9.8 katika kila sekunde, kwa hiyo baada ya sekunde 0.64 hivi umekwisha. Hata pale kileleni, ndimu ikiwa haipandi wala haishuki, mvutano uko vile vile. Usingekuwapo, ndimu ingebaki ikining'inia juu ya sufuria.

Jambo lililonikaa kichwani ni kwamba binamu yangu huyo huyo, ukimpa uzito wa ndimu na mwendo wake wa mwanzo, atakutolea kimo na muda kwa mistari mitatu ya hesabu, yote sahihi. Kanuni anazo. Ila swali lisilo na namba lilipokuja, kanuni zilibaki darasani na jibu likatoka kwingine.

Huko kwingine, nadhani, ni kwenye lugha na kwenye mwili. Sisi husema gari “limeisha nguvu” mlimani, jiwe “limekwenda mpaka nguvu zikaishia”. Neno nguvu kwetu ni kitu ambacho mtu au chombo anacho ndani, anaweza kukitoa, kukigawa na kukimaliza. Fizikia hailitumii hivyo. Nguvu ya kifizikia, ambayo vitabu vyetu huiita pia kani, haimo ndani ya kitu hata kimoja. Ni tendo linalopita kati ya vitu viwili, na likikoma limekoma. Tanzania mwanafunzi wa sekondari huisoma fizikia kwa Kiingereza, akaandika neno la Kiingereza daftarini na kulipatia alama, lakini akitoka nje anafikiri kwa “nguvu” ile ile aliyoijua tangu anasukuma mkokoteni wa maji. Na mkokoteni unamwambia kila siku kwamba ukiacha kusukuma, unasimama. Msuguano wa magurudumu na njia hauoni, kwa hiyo anaona mwendo unadai nguvu.

Wala si upungufu wa akili. Jean Buridan, mwanachuoni mkubwa wa Paris katika karne ya 14, alifundisha kwamba mrushaji hutia ndani ya jiwe msukumo unaolipeleka. Ni karibu sana na jibu la binamu yangu. Ilibidi kupita karne tatu, mpaka Galileo na kisha Newton mwaka 1687, ndipo wazo hilo lilipong'olewa. Kulitarajia ling'oke kwa mtoto katika vipindi vichache vya sekondari ni kumtwisha mzigo mkubwa.

Wapo watu waliolichukua jambo hili kwa uzito na kulitungia mtihani. Mwaka 1992 David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, pamoja na Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walichapisha jaribio la mekanika, yaani fizikia ya mwendo na nguvu, lisilo na hesabu hata moja. Toleo linalotumika zaidi leo lina maswali 30, kila moja na majibu matano ya kuchagua. Ufundi wake uko kwenye majibu mabaya. Mtunzi wa kawaida wa mtihani hubuni makosa yake mezani. Hawa waliyapata kwa wanafunzi wenyewe, kwa kuwauliza kwanza waeleze kwa maneno yao na kuyasikiliza. Hivyo mwanafunzi akifika kwenye swali hukutana na wazo lake mwenyewe limeandikwa vizuri, linamwita.

Mmoja wa waliotikiswa alikuwa Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard aliyekuwa akisifiwa na wanafunzi wake. Alipowapa jaribio la aina hii, mwanafunzi mmoja alimuuliza ajibuje: kwa namna walivyofundishwa, au kwa namna anavyofikiri mwenyewe? Mimi huona swali hilo la mwanafunzi ni la uaminifu mkubwa. Alijua ana fizikia mbili.

Mazur akabadili ufundishaji. Anatoa swali, kila mmoja anapiga kura peke yake, kisha anamgeukia jirani yake wabishane, halafu wanapiga kura tena. Mwaka 1998 Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa Marekani waliopimwa kwa majaribio ya namna hii mwanzo na mwisho wa kozi. Alitazama jambo moja: katika zile alama ambazo darasa lilikosa mwanzoni, limezipata ngapi mwishoni? Madarasa ya kusikiliza mhadhara yalipata wastani wa asilimia 23. Madarasa ya kubashiri, kubishana na kujaribu yalipata asilimia 48.

Jaribu swali jingine la mekanika. Lori la tani 10 linagongana uso kwa uso na bajaji ya kilo 400. Nani amempiga mwenzake kwa nguvu zaidi? Watu wengi huonyesha bajaji iliyokunjamana na kusema jibu liko wazi. Lakini nguvu ni sawa kabisa, lori kwa bajaji na bajaji kwa lori. Tofauti iko kwenye anayepokea: bajaji ina tungamo (kiasi cha mata) dogo mara 25, kwa hiyo nguvu ile ile inabadili mwendo wake mara 25 zaidi ya inavyoubadili wa lori. Macho yanaona madhara, mdomo unayaita nguvu.

Kwenye joto, mtego uko karibu zaidi na ngozi. Una mapande mawili ya barafu yaliyo sawa. Moja umeliweka wazi kwenye sahani, lingine umelizungushia blanketi zito. Lipi litayeyuka mwanzo? Anayesema la blanketi amefikiri kwamba blanketi lina joto. Halina. Linazuia joto lisipite, na halijali linatoka wapi kwenda wapi. Ukiwa ndani wewe, joto lako halitoki. Ikiwa ndani barafu, joto la nje haliingii. Ndiyo maana barafu hufunikwa kwa magunia na unga wa mbao isafirishwe. Na hapa pia lugha inatuponza kidogo: husema “funga mlango, baridi isiingie”, kana kwamba baridi ni kitu kinachotembea. Kinachotembea ni joto, linatoka.

Kwenye rafu moja jikoni, alfajiri, gusa sufuria ya alumini kisha mwiko. Sufuria ni ya baridi zaidi, au siyo? Vimelala pamoja usiku kucha, halijoto yao ni moja. Ila alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao, hivyo inalinyonya joto la kidole chako haraka, na ngozi inaripoti kasi ya kunyonywa huko. Ngozi si kipimajoto.

Somo hili la joto lina kisa cha kwetu ambapo swali lilitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa waalimu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliyaingiza maziwa yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka yasiyochemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam. Darasa lilicheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakalichapisha pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana. Kundi moja lililopima upya kwa makini Uingereza, likachapisha mwaka 2016, halikuliona. Kwangu uzito wa kisa uko kwa Osborne: hakuwa na jibu, akaenda kupima.

Kwenye mwanga nitakaa kidogo, kwa sababu hili unaweza kulihakikisha kabla ya kulala. Unataka kununua kioo kidogo kabisa cha ukutani kitakachokuonyesha kuanzia utosini hadi nyayoni. Urefu wako ni sentimita 170. Kioo kiwe cha urefu gani? Na ukikuta ni kifupi, ukirudi nyuma hatua tatu utajiona zaidi?

Karibu kila niliyemuuliza hujibu kwamba ukirudi nyuma unajiona mzima. Lillian McDermott wa Chuo Kikuu cha Washington, akiwa na Fred Goldberg, walichapisha mwaka 1986 uchunguzi wao juu ya swali la namna hii, na wanafunzi wa chuo kikuu walilijibu vivyo hivyo. Basi chukua kipande cha sabuni. Simama mbele ya kioo kilichotundikwa wima, funga jicho moja, na uweke alama mbili juu ya kioo: moja pale unapoona mwisho wa paji la uso, nyingine pale unapoona kidevu. Pima kati ya alama hizo. Kama uso wako ni sentimita 22, rula itakuambia 11. Sasa rudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Taswira inaonekana ndogo, lakini bado imejaa kati ya alama zile zile za sabuni, haijapungua wala kuzidi. Mara ya kwanza nilipolifanya nilipima mara mbili, nikidhani mkono umetetemeka.

Sababu yake ni kwamba taswira iko nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ulioko wewe mbele yake. Mwanga unaotoka unyayoni kuja jichoni hugonga kioo nusu ya njia, kwa hiyo hugonga katikati ya kimo cha unyayo na cha jicho. Ukirudi nyuma, taswira nayo inarudi, na nusu inabaki nusu. Kioo cha sentimita 85 kinatosha. Macho yako yakiwa sentimita 158 kutoka sakafuni, ukingo wa chini uwe sentimita 79 na wa juu 164. Kikitundikwa chini au juu ya hapo, hata urudi mpaka mlangoni hakitakusaidia.

Lenzi nayo ina mtego wake. Tumia lenzi ya kukuzia kutupa taswira ya dirisha ukutani, kisha ziba nusu ya lenzi kwa karatasi. Wengi hubashiri nusu ya dirisha itapotea. Dirisha linabaki zima, limefifia tu, maana kila sehemu ya lenzi inatengeneza taswira yote.

Linabaki swali la chembe, nalo ni fupi kuliko yote. Tumefundishwa kwamba hewa ni chembe ndogo ndogo zinazorukaruka. Kati ya chembe moja na nyingine kuna nini? Jibu linalotoka haraka ni “hewa”. Lakini hewa ndiyo zile chembe. Katikati yao hamna kitu, na akili inaukataa utupu huo hata baada ya mdomo kuukubali.

Ukiingia ndani ya chembe, utupu unazidi. Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, chini ya Ernest Rutherford, waliielekezea karatasi nyembamba sana ya dhahabu miale ya chembe za alfa (chembe ndogo zinazotolewa na vitu vyenye mionzi). Karibu zote zilipita. Chache mno zilirudi zilikotoka, na mwaka 1911 Rutherford alieleza kwa nini: karibu tungamo lote la atomi limekusanyika katika kiini kidogo kupita kiasi. Kiini cha dhahabu kikiwa punje ya choroko ya milimita 5 iliyowekwa katikati ya uwanja wa mpira, atomi nzima ingekuwa na upana wa kama mita 100, goli hadi goli. Ndani ya eneo hilo lote, nje ya choroko, mna elektroni 79, na zote kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja kati ya 4,000 ya uzito wa punje ile.