Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha furaha
Wengi husimulia kwamba mwaka 1962 wasichana wa shule ya bweni Kashasha, Bukoba, walicheka miezi mfululizo kwa sababu ya utani mmoja. Wengine husema mapepo. Sivyo. Kicheko kilikuja na kukata, dakika chache hadi saa kadhaa, kikichanganyika na kilio na hofu. Wanafunzi 95 kati ya 159 walikumbwa. Walimu, hakukumbwa hata mmoja. Madaktari hawakukuta sumu wala kijidudu. Msongo ulikuwa umepata njia ya kutokea mwilini, basi.

Leo wasichana wakianza kuanguka darasani kwa msongo kama ule, mwalimu anayetawanya watazamaji, akawakalisha mmoja mmoja kivulini na kuwauliza taratibu kinachowasumbua, husaidia kuliko anayekimbilia kiboko, au maombi ya shule nzima mstarini.