Kiwavi hafi papo hapo, lakini mwarobaini umefanya kazi

Huku Malindi, kuanzia Ganda hadi Kakuyuni, utasikia mkulima akilalamika: nilipiga mahindi dawa ya mwarobaini jioni, asubuhi kiwavi bado anatembea, basi dawa hiyo ni bure.

Si bure hata kidogo. Kiini chake, azadiraktini, hakiui kwa haraka kama sumu nyingi za dukani. Humwondolea kiwavi hamu ya kula, kisha huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi ili akue. Siku kadhaa hupita kabla hajafa, ilhali mhindi umeshapata nafuu tangu alipoacha kuutafuna. Kwa hiyo usihesabu viwavi. Tazama kama majani machanga yanayochipuka yana matundu mapya.

Kinachoharibu dawa mara nyingi ni kuchemsha majani. Azadiraktini imejaa zaidi kwenye mbegu, na joto na jua huidhoofisha. Kausha mbegu kivulini, toa maganda, twanga, loweka gramu 500 kwa lita 10 za maji baridi usiku kucha. Chuja, tia sabuni kidogo ishike majani, upige jioni ukielekeza kwenye moyo wa mhindi. Humo ndimo wanamojificha viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Kenya mwaka 2017. Rudia baada ya wiki moja hivi; mvua ikinyesha, mapema zaidi.

Kiwavi aliyekwisha kunenepa huistahimili dawa hii, naye dawa yake ni mkono: mtoe umponde. Mayai nayo, yaliyobandikwa kwa mafungu kwenye majani, yaponde kabla hayajaanguliwa.