Kufichwa kwa nyota: jinsi pete za mbali zinavyogunduliwa

Usiku wa giza, ukisimama Capri Point, Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa huonekana zimetapakaa ziwani. Mtumbwi usio na taa ukipita mbele ya mojawapo, taa hiyo hupotea kidogo, kisha hurudi. Mtumbwi wenyewe hukuuona, lakini umejua upo, na kama unajua mwendo wake, muda ambao taa ilipotea unakupa urefu wake.

Kufichwa kwa nyota ni jambo hilohilo. Gimba dogo la mbali, ambalo hata kwenye darubini kubwa ni nukta tu, hupita mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde chache. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, miale yake hutufikia ikiwa sambamba, hivyo kivuli kinachopita juu ya Dunia huwa na upana uleule wa gimba. Mara nyingi kivuli hicho hukimbia kilomita 20 hivi kwa sekunde.

Chariklo, gimba linalozunguka Jua kati ya Zohali na Uranusi, lina upana wa kilomita 250 hivi. Tarehe 3 Juni 2013, lilipoficha nyota, darubini za Amerika Kusini zilinasa jambo la ajabu: nyota ilififia kidogo kabla ya kuzimika, na baada ya kurudi ikafifia tena. Zilikuwa pete mbili. Kabla ya hapo pete zilijulikana kwenye sayari kubwa peke yake, na zile za Uranusi ziligunduliwa mwaka 1977 kwa njia hiihii. Haumea, gimba jingine la mbali, ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2023 ikatangazwa pete ya Quaoar, nalo gimba la mbali, na hiyo ndiyo inayosumbua vichwa hadi leo, kwani iko kilomita 4,100 hivi kutoka katikati ya gimba, nje kabisa ya kikomo cha Roche, yaani umbali ambao ndani yake mvuto wa gimba huzuia vipande kushikamana. Mbali hivyo, vipande vilitakiwa kushikamana viwe mwezi. Havikushikamana.

Darubini moja hutoa mkato mmoja tu wa kivuli. Umbo hupatikana watazamaji wakitawanyika. Mwanza na Bukoba zimeachana kilomita 180 hivi kwa mstari ulionyooka. Ongeza Musoma, na kivuli cha ukubwa wa Chariklo kinaweza kukatwa mara tatu.

Kamera ianze kurekodi mapema. Pete ya Quaoar inaweza kupita dakika tatu hivi kabla ya gimba lenyewe, kwa hiyo dakika kumi kabla na kumi baada si nyingi. Kinachoharibu kazi zaidi ni saa. Saa ya kompyuta iliyoachwa bila kusahihishwa huteleza, na kosa la nusu sekunde huhamisha ukingo kilomita 10, wakati pete pana zaidi ya Chariklo ina kilomita 7 hivi. Tumia muda wa GPS. Hapa kwetu kuna pia radi za usiku ziwani, na umande unaofunika lenzi taratibu mpaka nyota ififie. Huo usiuite pete. Pete halisi hufifisha nyota ghafla na kuiachia.

Na kama anga ilikuwa safi na nyota haikuzimika, tuma rekodi hiyo pia. Inaonyesha kivuli kiliishia wapi.