Asilimia kubwa ya madhara si lazima iwe chaguo bora

Wachezaji wengi wa gemu za risasi zenye kukuza mhusika, kama Borderlands 2 ya mwaka 2012, huamini kwamba ujuzi unaoongeza madhara ya bunduki (kiasi ambacho risasi inamuumiza adui) kwa asilimia kubwa ndio wa kujazwa pointi kwanza, hata uwe umechagua mhusika gani. Ni wazo la kueleweka: namba inaonekana, na adui anakufa.

Tatizo ni hesabu. Katika gemu hiyo, nyongeza za madhara ya bunduki hujumlishwa pamoja kabla ya kuzidishwa. Tuseme risasi yako ina madhara 100 na tayari una nyongeza ya 100%; inapiga 200. Ukiongeza ujuzi wa 20%, hupati 240. Unapata 220, yaani ongezeko la 10% tu kwa ulichokuwa nacho. Pointi hizohizo ukizipeleka kwenye kasi ya kufyatua ya 20%, kila risasi inabaki 200, lakini zinatoka nyingi zaidi, sawa na 240 kwa muda uleule (kujaza risasi tukuweke kando). Mwanzoni mwa gemu, ukiwa huna nyongeza yoyote, tofauti hiyo haipo.

Kujihakikishia ni rahisi. Mpige adui wa aina na kiwango kilekile, mwilini, si kichwani, usome namba inayoruka. Kisha nenda kwenye mashine ya kubadilisha mhusika, lipa pesa za gemu, panga pointi upya, urudie.