Mafuta yako hayana kolesteroli, na hayo hayo ndo yanakupandishia kolesteroli

Wiki hii tena hapo kliniki, mtu mzima kabisa, LDL, ile kolesteroli mbaya, iko juu ya kutisha, ananiambia "dokta mimi situmii mafuta mabaya, yangu yameandikwa hayana kolesteroli". Jamani. Mafuta ya mimea yote hayana kolesteroli ya maana, yote! Kolesteroli iko kwa nyama, mayai, maziwa, kamba. Kumwandikia mtu hivyo kwa chupa ya mawese ni kweli tupu isiyomsaidia, na inaniuma sana kwa sababu watu wanapika wakiwa wametulia kabisa huku mishipa inaharibika.

Kolesteroli nyingi ya damuni inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Ile ya kula, kwa watu wengi, inachangia kidogo, ndo mana Marekani mwaka 2015 waliondoa ule ukomo wa miligramu 300 kwa siku (wenye sukari bado nawaambia wasizidishe mayai). Kinachopandisha LDL hasa ni mafuta yaliyoshiba (kwa chupa yameandikwa "saturated fat"), yanafanya ini lipunguze vipokezi vya kuitoa LDL kwa damu, basi inabaki inazunguka tu. Mafuta ya transi ("trans fat", mengi ni ya mimea yaliyogandishwa kiwandani) ni mabaya zaidi, yanapandisha LDL na kushusha HDL, ile kolesteroli nzuri, hayo sina mjadala nayo.

Sasa shida yetu sisi wa Mombasa. Tunafundishwa kwamba mafuta yaliyoshiba utayajua kwa kuganda. Yagande wapi kwa joto hili? Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ukitoa zile asubuhi za mwezi wa saba kusi ikivuma, chupa iko majimaji mwaka mzima, unaitazama unaona ni sawa tu na ya alizeti. Si sawa hata kidogo! Ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni mafuta yaliyoshiba, mawese kama nusu, alizeti ya kawaida kama 10 na kitu. Geuza chupa usome nyuma, mstari wa mafuta yaliyoshiba, hilo tangazo la mbele achana nalo.

Lakini tui je? Hapa sitawadanganya, elimu yenyewe haijakaa sawa. Kuna watu wa Tokelau na Pukapuka, visiwa vya Pasifiki, walichunguzwa, utafiti ukatoka 1981: wa Tokelau zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwa nazi, kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka, na bado ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra pande zote mbili. Ila walikula samaki na nazi yenyewe, sukari kidogo sana, hawakuwa na viazi karai vya mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa meusi. Kwa hivyo samaki wa kupaka simkatazi mtu, pika na tui jepesi, kasimele tia kidogo mwisho.

Na ukipunguza mafuta usijaze pengo kwa mahamri na chai ya sukari. Wanawake karibu 49,000 Marekani walifuatiliwa miaka kama minane, wengine wakapunguziwa mafuta ya kila aina, na matokeo ya 2006 yakaonyesha ugonjwa wa moyo haukupungua. Faida inakuja ukibadilisha yaliyoshiba kwa ya alizeti, karanga, samaki wenye mafuta. Na kama umeandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, usiiache eti kwa sababu umebadilisha chupa, rudi kwanza upime.