Kechapu: jina la samaki kwenye chupa ya nyanya

Muuza chipsi anapokuuliza, "Niweke tomato?", anashika chupa ambayo mara nyingi lebo yake imeandikwa kechapu. Tumezoea kwamba kechapu ni nyanya. Lakini neno hili lilipoanza safari halikuhusu nyanya hata kidogo. Wengi wanaofuatilia asili ya maneno wanalirudisha kwenye Kihokkien, lugha ya Kichina ya kusini mwa mkoa wa Fujian, ambako kê-tsiap ulikuwa mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi.

Ukitaka kuielewa kechapu hiyo ya kwanza, fikiria dagaa. Samaki wadogo wabichi wanapangwa kwenye pipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, kisha wanafunikwa na kuachwa miezi mingi. Chumvi inawakamua maji na kuwazuia wasioze, huku vimeng'enya vya matumbo yao vikiimeng'enya nyama taratibu mpaka iyeyuke. Kinachochujwa ni maji ya rangi ya kahawia, ya chumvi kali na harufu nzito. Vietnam wanautumia mchuzi wa namna hiyo mpaka leo, wanauita nước mắm.

Wafanyabiashara wa Kihokkien waliufikisha mchuzi wao kwenye bandari za Asia ya Kusini-Mashariki, na huko ndiko Waingereza walikoukuta karne ya 17. Uliwakolea. Waliporudi kwao wakauiga kwa walichokuwa nacho: samaki wadogo wa chumvi, uyoga, chaza, hata jozi changa, yaani kokwa za walnut. Richard Bradley, aliyechapisha mapishi ya kechapu mwaka 1732, aliitaja kuwa ya kutoka Bencoulin, kituo cha Waingereza kisiwani Sumatra. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Mwingereza akitaja kechapu alimaanisha kitu cheusi, chepesi, cha chumvi.

Nyanya, ambayo asili yake ni Amerika, iliingia mwishoni. James Mease, daktari wa Philadelphia, alichapisha mapishi ya kechapu ya nyanya mwaka 1812, na mfanyabiashara Mmarekani H. J. Heinz akaanza kuuza yake mwaka 1876. Siki na sukari zikaongezeka, samaki akasahaulika.

Hata hivyo ladha yake haikupotea yote, na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitambua kuwa glutamati ndiyo inayoleta ule utamu wa mchuzi ulioiva vizuri, utamu usio wa sukari wala wa chumvi. Glutamati imejaa kwenye samaki waliovundikwa. Imo pia kwenye nyanya iliyoiva.

Indonesia nao walibaki na jina, ila wakabadilisha kilichomo: kecap yao ni mchuzi wa soya, mweusi, na aina inayopendwa zaidi ni tamu. Ya nyanya, huko, unaomba saus tomat.